Mkesha wa Nyota: Anga Linalotafutwa na Wageni na Kusahauliwa na Wenyewe

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokuwa makali katika nchi za kaskazini, mamia ya watu wa Marekani na Kanada hufunga safari kuelekea kusini hadi kwenye visiwa vidogo vya Florida Keys. Si wavuvi, wala si watalii wa kuota jua. Mchana hulala; usiku hukesha. Magari yao yamesheheni darubini, viti vya kukunja, mablanketi na chupa za chai, na baadhi yao wameendesha kwa siku kadhaa kutoka katika miji iliyofunikwa na theluji. Mkutano wao huitwa Winter Star Party. Hufanyika aghalabu mwezi wa Februari, wakati wa mwezi mwandamo, katika kambi ya maskauti iliyo kando ya bahari, na umekuwa ukiandaliwa tangu miaka ya 1980 na chama cha wanafalaki wa ridhaa cha Miami. Jina la chama hicho, Southern Cross Astronomical Society, linatoboa siri ya safari nzima. Hao ni watu waliouita umoja wao kwa jina la Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, kundinyota ambalo wananchi wenzao walio wengi hawawezi kuliona kabisa wakiwa nyumbani kwao.

Neno ridhaa lieleweke vyema. Mwanafalaki wa ridhaa halipwi mshahara kwa kutazama nyota. Huyu ni mwalimu, yule ni fundi wa magari, mwingine ni muuguzi aliyestaafu. Wala falaki isichanganywe na unajimu wa kutabiri bahati za watu, kosa ambalo bado linasikika hata katika vyumba vya walimu. Falaki hupima; unajimu hubashiri.

Sababu ya kuchagua visiwa vile inaweza kuelezwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataimudu. Kambi iko karibu na latitudo ya digrii 24.6 Kaskazini. Katikati ya Salibu ni digrii 60 kusini mwa ikweta ya anga. Kwa hiyo mtu aliye kambini, Salibu inapofikia kilele chake, huiona kwenye kimo cha 90 kutoa 24.6 kutoa 60, yaani digrii 5.4 tu juu ya upeo wa macho. Hicho ni kiasi cha upana wa vidole vitatu vikinyooshwa mbele ya uso. Na kilele hicho mwezi wa Februari hufika karibu saa 9 za usiku. Basi wakeshaji hao huketi ufukweni wakiitazama bahari, wakiomba pasitokee hata wingu moja dogo upande wa kusini, ili waione Salibu ikiambaa juu ya maji kwa muda mfupi kabla haijazama tena. Bahati yao ni kwamba hewa itokayo baharini ni tulivu, na nyota huko hazitetemeki sana. Kitu kingine wanachokitafuta kwa shauku ni Omega Kantarusi, fundo kubwa la nyota zipatazo milioni 10, lililo umbali wa miaka ya nuru takriban 17,000. Hilo hupanda hadi digrii 18, nao hushukuru.

Sasa msomaji aichukue hesabu ileile na kuipeleka Dodoma, penye latitudo ya digrii 6.2 Kusini. Salibu hupanda hadi digrii 36. Omega Kantarusi hupita digrii 48. Suheli, nyota ambayo manahodha wa mwambao waliitumia hata jina lake likawa jina la upande wa kusini, hufika digrii 43, ambapo kwa wale wa Florida haifiki 13. Lipo pia Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na galaksi hii ya Njia ya Maziwa, ambalo kutoka katika kambi ile halichomozi hata mara moja kwa mwaka mzima. Dodoma huonekana kwa jicho tupu, mfano wa kipande cha moshi kilichosahauliwa angani.

Ni dhahiri basi kwamba kile ambacho mstaafu wa Marekani hukifuata kwa maelfu ya kilomita na kwa akiba ya mwaka mzima, mwanafunzi wa Singida, Tabora au Kitui anacho juu ya paa la bweni lake. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani hutoka nje.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni ukosefu wa vyombo. Katika shule nyingi somo la jua na sayari limo ndani ya Jiografia. Hufundishwa mchana, ubaoni, kwa chaki, kisha hutahiniwa. Mwalimu akiulizwa kwa nini wanafunzi hawatoki nje usiku, husema shule haina darubini. Pengine ni kweli. Lakini jibu hilo linadhani kwamba darubini ndiyo inayofanya mkesha wa nyota uwe mkesha, na historia ya watazamaji wa ridhaa inaonyesha kinyume chake.

Usiku wa tarehe 23 Julai 1995, katika jangwa la Arizona, kikundi cha marafiki kilikuwa kimekusanyika kutazama nyota. Mmoja wao, Thomas Bopp, alifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Hakuwa na darubini yake mwenyewe. Alikuwa akisubiri zamu ya kuchungulia katika darubini ya mwenzake, iliyokuwa imeelekezwa kwenye fundo la nyota liitwalo M70 katika kundinyota la Mshale. Ilipofika zamu yake aliona karibu na fundo hilo doa hafifu la mwanga ambalo halikuwa kwenye ramani. Wenzake walisaidiana naye kulithibitisha; walipoona kwamba linasogea, alirudi nyumbani na kupeleka simu ya maandishi kwa ofisi inayopokea taarifa za ugunduzi wa anga. Usiku huohuo mwanafalaki Alan Hale alikuwa ameliona doa hilohilo kutoka New Mexico. Hivyo nyotamkia ile, iliyong'ara duniani kote mwaka 1997, ikaitwa Hale-Bopp. Mtu asiye na darubini ameacha jina lake angani kwa sababu moja: alikuwepo mahali ambapo watu waliazimana macho.

Mfano wa pili unagusa kusini mwa dunia kwa karibu zaidi. Tarehe 24 Februari 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan ulionekana kwa mara ya kwanza. Ian Shelton, akiwa katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, aliukuta kwenye picha aliyopiga. Karibu wakati uleule, Albert Jones wa New Zealand, mtazamaji wa ridhaa, aliugundua kwa kutazama tu, kwa kuwa alilifahamu eneo lile la anga kama mkulima afahamuvyo shamba lake. Jones aliishi hadi mwaka 2013, na katika maisha yake alikadiria ung'avu wa nyota zaidi ya mara 500,000, kwa jicho lake na daftari lake. Nyota ile iliendelea kung'ara hadi mwezi wa Mei mwaka ule, ikionekana bila chombo chochote. Wingu la Magellan liko juu ya upeo wa kila shule ya Tanzania. Ni shule ngapi zilizotoka nje kuitazama?

Hii haina maana kwamba darubini ni anasa. Mboni ya kijana hupanuka gizani hadi milimita 7. Darubini ya mkono yenye lenzi za milimita 50 hukusanya mwanga mara 51 zaidi ya hapo, na yenye kioo cha sentimita 20 zaidi ya mara 800. Mtu aliyeziona pete za Zohali kwa mara ya kwanza hasahau. Wala bei isiwe kisingizio cha milele: John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa huko California, aliwafundisha watu kusugua vioo vyao wenyewe kutokana na vioo chakavu vya madirisha ya meli, na kuvitia katika mirija ya makaratasi magumu juu ya kitako cha mbao. Mwaka 1968 wanafunzi wake walianza kuziweka darubini za namna hiyo kando ya barabara za San Francisco, kila mpita njia achungulie bure. Linalokataliwa hapa ni wazo kwamba kazi haiwezi kuanza mpaka darubini ipatikane. Mara nyingi ikipatikana hufungiwa katika kabati la ofisi isije ikaharibika, na hapo ndipo inapoharibika kwa ukungu.

Kinachostahili kuigwa kutoka katika mikutano ya Florida si mali iliyokusanywa pale. Ukweli ni kwamba mali hiyo imeanza kuharibu mambo. Siku hizi wapo wakeshaji wanaosafiri mwendo wote ule kisha wakapitisha usiku wakitazama kioo cha kompyuta, huku kamera ikifanya kazi ya jicho. Picha zao ni nzuri ajabu, lakini mtu anaweza kujiuliza kama hawakuweza kuletewa picha hizo nyumbani. Linalostahili kuigwa ni adabu ya giza.

Katika mkutano wa nyota mwanga mweupe ni kosa. Tochi hufunikwa kwa karatasi nyekundu, magari hayaruhusiwi kuwasha taa, na anayekiuka husikia sauti za kumkemea kutoka pande zote. Sababu yake ni ya kibiolojia. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili seli zake zinazotumika usiku zifikie uwezo wao kamili, kwa sababu dawa ya asili iliyomo ndani ya seli hizo huvunjwa na mwanga na hujijenga upya polepole. Mwanga mwekundu hauivunji sana. Mwako mmoja wa tochi nyeupe, hata wa sekunde chache, huwarudisha watu wote mwanzo. Kwa hiyo kila mmoja pale hulazimika kuyalinda macho ya wenzake. Adabu ya pili ni foleni: mwenye darubini kubwa hamkatai mgeni asiye na kitu. Ya tatu ni daftari, nayo kwa shule ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kutazama bila kuandika ni matembezi tu.

Yapo mapingamizi mengine yasiyohusu vyombo, nayo yana uzito zaidi. Wazazi watauliza usalama wa watoto, hasa wasichana, katika mkusanyiko wa usiku. Swali hilo ni halali. Jawabu si kuwaacha wasichana nyuma wakaambiwa watasimuliwa kesho yake. Jawabu ni kufanya mkesha ndani ya uwanja wa shule, walimu wa kike na wa kiume wakiwepo, majina yakiitwa kila saa. Shule za bweni zina nafasi bora kuliko nyingine. Mlinzi naye atalalamika taa za uwanja zikizimwa, na huenda ikabidi akubaliwe nusu: zizimwe za upande mmoja tu. Wapo pia watakaosema kwamba shule isiyo na kemikali za maabara haina sababu ya kuhangaika na nyota. Hao wamekosea njia. Shule isiyo na kemikali ndiyo hasa inayohitaji maabara isiyonunuliwa.

Kuna jambo linaloufanya mjadala huu usiwe wa kungojewa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya vipimo zaidi ya 51,000 vilivyofanywa na watu wa kawaida kwa jicho tupu kati ya mwaka 2011 na 2022. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba mng'ao wa anga la usiku unaosababishwa na taa uliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 10 kila mwaka. Watafiti hao walitoa mfano: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikia umri wa miaka 18 ataona 100 tu. Lakini vingi vya vipimo hivyo vilitoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika ilichangia vichache. Umeme unaenea vijijini, na hakuna mwenye akili atakayeuombea usienee. Hospitali na mashine za kusaga zinauhitaji. Hata hivyo taa inayomulika juu badala ya chini ni fedha inayotupwa angani, na mtu hawezi kusema kimepungua kiasi gani asichowahi kukihesabu. Shule ikihesabu leo nyota zinazoonekana ndani ya Salibu na pambizoni mwake, kisha ikarudia kila mwaka tarehe ileile, itakuwa na kumbukumbu ambayo miaka 10 baadaye haitaweza kununuliwa kwa bei yoyote.

Kuhusu majira, mwalimu asifuate kalenda ya Florida kwa upofu. Katikati ya Tanzania miezi ya kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndiyo yenye anga kavu na safi. Katika nyanda za juu za Kenya miezi hiyohiyo hugubikwa na mawingu, na heri kungoja Januari au Februari. Wa Nairobi wanaokesha Februari wataiona Salibu ikichomoza kusini-mashariki karibu saa 3 za usiku, wakati Suheli iko juu. Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo inatosha. Si lazima juma zima. Usiku ni baridi kuliko wanafunzi wanavyodhani, kwa hiyo mablanketi na uji wa moto visisahauliwe.

Tuseme ni katikati ya Julai huko Dodoma. Giza likishaingia, Nge yuko juu mashariki, mkia wake umejikunja ndani ya sehemu nene ya Njia ya Maziwa, na Salibu imeinama kusini-magharibi. Mwanafunzi arefushe mti mrefu wa Salibu mara 4 na nusu ataipata ncha ya kusini ya anga. Kujua hilo kutamfaa kuliko ile Nyota ya Kaskazini isifiwayo na vitabu, ambayo Dodoma haionekani kamwe. Usiku wa manane uwe wa Mshale, penye kitovu cha galaksi. Kuanzia saa 9 Kilimia huchomoza kaskazini-mashariki, na wanafunzi wahesabu wanaona nyota ngapi: 6, 7 au zaidi? Hapo mwalimu awakumbushe msemo wa wazee kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Msemo huo unaweza kupimwa. Jua hupita karibu na Kilimia mwezi wa Mei, hivyo hupotea jioni mvua za masika zinapokaribia kwisha na kurudi alfajiri ya Juni, kiangazi kimeshaingia. Wazee hawakuwa wakibahatisha. Kabla ya kucha, Suheli huchomoza upande mwingine, na Wingu la Magellan liko hapo juu yake.

Ipo kazi moja ambayo mkesha mmoja hauwezi kuifanya lakini mikesha miwili inaweza. Posidonius, mwanachuoni wa Kiyunani wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alijaribu kuupima mzingo wa dunia kwa kulinganisha kimo cha Suheli kutoka Rhodes na kutoka Aleksandria. Shule ya Moshi na shule ya Songea zinaweza kufanya hivyo kwa nyota ya Rijili Kantori, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazoielekea Salibu. Katikati ya Julai hufikia kilele baada ya saa 1 na nusu za usiku. Chombo ni kipimapembe, uzi na kijiwe. Moshi wataiona kwenye kimo cha digrii 32 na nusu hivi, Songea karibu digrii 40. Tofauti ya latitudo ni digrii 7.3, na umbali wa kaskazini hadi kusini kwenye ramani ni takriban kilomita 810. Mengine ni kuzidisha na kugawanya, na jibu lapaswa kukaribia kilomita 40,000. Kosa la digrii 1 katika kupima litalipotosha jibu kwa karibu sehemu 1 ya 7, na kipimapembe cha uzi hukosea kiasi hicho kwa urahisi. Kwa hiyo wanafunzi 40 wapime kila upande, kila mmoja aandike chake bila kuchungulia cha jirani, na wastani utafutwe Jumapili asubuhi, baada ya kulala.